Juba na Zamu ya Kulinda Maji

Msafiri aingiaye Sudan Kusini kwa barabara akitokea Uganda huvuka mpaka Nimule, kisha hushika barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilishwa mwaka 2012. Karibu na Nimule mto Nile hubanwa na miamba ukanguruma katika maporomoko ya Fula. Ufikapo Juba, mto huo huo umetulia, mpana, wenye rangi ya udongo, nao huupitia mji kwa upande wa mashariki. Kwa Kiarabu huitwa Bahr el Jebel, na msemaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuyatambua maneno hayo: bahari na jabali. Juu yake limelala Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2022. Ukingoni magari ya matangi huteka maji na kuyapeleka mitaani, ambako akina mama huyanunua kwa ajili ya kupikia, kufulia na kuwanywesha watoto.

Maji hayo si mageni kwetu. Mvua inyeshayo Bukoba, Mwanza na Kisumu hukusanyika katika Ziwa Victoria, na kutoka huko hupitia Jinja, ambako tangu mwaka 1954 bwawa la Owen Falls ndilo mlango wake. Baada ya hapo hupita katika Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, huongezewa na mito ya msimu kama Aswa, ndipo yafike Juba. Mwezi Mei 2020, Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaipita alama iliyowekwa mwaka 1964. Aishiye Juba hana budi kujua mambo yanayotokea Jinja.

Kaskazini ya Juba, mahali paitwapo Mongalla, mto ulianza kupimwa mwaka 1905. Kazi yenyewe haina fahari: mtu hutazama ubao wenye alama uliosimamishwa majini, husoma tarakimu, huiandika pamoja na tarehe. Lakini pasipo tarakimu hizo hakuna ajuaye kama mto wa leo ni wa kawaida au ni wa hatari.

Kupita Mongalla nchi huwa tambarare, na mto hutawanyika katika vinamasi vya Sudd, ambako karibu nusu ya maji yake hupotea hewani. Huko kaskazini, katika Jimbo la Unity, mafuriko yaliyoanza mwaka 2019 yaliuzingira mji wa Bentiu na kambi yenye wakimbizi wa ndani zaidi ya 100,000. Kilichowaokoa ni kuta za udongo. Wanajeshi wahandisi wa Pakistani walio katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa walizijenga na kuziimarisha kwa mitambo, nao wananchi walijaza tope kwa mikono yao. Watoto walilala upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili maji yalisimama juu kuliko sakafu za nyumba zao.

Jimbo hilo pia lina visima vya mafuta. Kisima cha mafuta hakitoi mafuta matupu. Hutoa pamoja nayo maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi, yenye masalio ya mafuta na metali. Maji hayo hayafai kunywewa na mtu wala ng'ombe, na hutakiwa kuzuiliwa. Mahali yanapowekwa katika mabwawa ya udongo, mafuriko yakifika huwa kuna maji mawili yaliyotenganishwa na ukuta mmoja. Ukivunjika, sumu haibaki mgodini. Husafiri hadi mahali mama anapochota na mifugo inaponywa.

Msiba wa namna hii si wa Sudan Kusini peke yake. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope likaingia katika nyumba na mashamba, ingawa kwa bahati njema hakuna aliyepoteza maisha. Huko Solai, Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Nako Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mgodi lilianguka wakati wa chakula cha mchana. Bwalo la wafanyakazi lilikuwa bondeni chini yake, na waliokufa walikuwa 270.

Ukuta wa maji una lugha yake. Maji yakivuja kidogo yakiwa safi, mlinzi huyapima na kuendelea kuyatazama. Yakianza kutoka na udongo, ajue ukuta unaliwa kutoka ndani, naye hana muda wa kupoteza. Nyufa juu ya tuta, sehemu iliyodidimia, mashimo ya panya, na mti uliopenyeza mizizi, yote hayo ni taarifa. Ndani ya ukuta huzamishwa mabomba membamba ya kuonyesha maji yamepanda kiasi gani katika udongo. Juu huachwa nafasi kati ya uso wa maji na kilele cha tuta. Nafasi hiyo ikiliwa na mvua, maji hupita juu na kuukata ukuta.

Askari na polisi wanaijua vema kazi ya zamu. Mlinzi hasubiri adui aingie kambini ndipo apige kelele. Wala hawi mlinzi kamili asiyekuwa na ruhusa ya kupiga kelele. Mpimaji wa bwawa ni vivyo hivyo. Tarakimu iliyoandikwa daftarini ikafungiwa kabatini haimlindi mtu. Yafaa imfikie mwenye amri ya kusimamisha kazi, na pia mwananchi aliye bondeni. Familia inayoishi chini ya bwawa, liwe la mgodi au la shamba, ina haki ya kujua king'ora kinalia vipi, njia ya kukimbilia ni ipi, na ni nani atakayewabeba wazee na watoto. Mambo hayo hufundishwa mchana wa kiangazi, si usiku wa masika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakisema juu ya nyumba. Kwa bwawa, asiyeziba ufa huenda asibaki wa kuujenga. Mto unaopita Juba hauna likizo wala sikukuu, na anayeulinda ukuta wake naye apokewe zamu, asiachwe peke yake.