Mita 4 Kushoto, Mita 20 Kulia

Basi liliondoka Tanga kabla ya jua kuchomoza. Tulipopita Segera na kushika njia ya Korogwe, milima ya Usambara ilitokea upande wa kulia, kisha ya Upare, ikatusindikiza hadi Same na Mwanga. Sikuwahi kuvuka Korogwe maishani mwangu. Miguuni nilikuwa na mfuko wa bisibisi, koleo na tepu ya kupimia, na kichwani nilibeba agizo la mwalimu wangu wa ufundi: spika za kushoto na kulia ni mapacha, kwa hiyo nyaya zake lazima zilingane urefu, la sivyo sauti ya upande mmoja itawahi na kuharibu wimbo.

Nilishuka Tengeru alasiri, nikiwa na fulana ya Tanga katika baridi ya Julai. Mlima Meru, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro, ulikuwa nyuma ya ukungu. Bodaboda ilinipandisha kati ya migomba na kahawa hadi kanisa lililoniita kufunga spika mbili za kwaya. Mzee mmoja wa kanisa, aliyefanya kazi ya umeme ujanani, alinipokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshapatwa na baridi. Njoo unywe chai kwanza."

Baada ya chai tulipima. Mashine ya kukuza sauti ingekaa kushoto mwa madhabahu. Spika ya kushoto ilikuwa mita 4 tu kutoka hapo. Ya kulia ilihitaji mita 20, kwa sababu waya ungepanda ukutani, ufuate boriti na kushuka upande wa pili. Nikamweleza hesabu yangu: tununue mita 40 za waya wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5, tukate 20 kwa 20, na ule wa kushoto uliozidi tuukunje nyuma ya spika.

Mzee hakunijibu palepale. Alinitoa nje hadi ukingo wa korongo. Ng'ambo, mtu alikuwa anapasua kuni. Niliona shoka linatua kwenye gogo, na lilipokuwa limeshainuliwa tena ndipo mlio ulipotufikia.

"Sauti hewani ni mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde," alisema. "Ndiyo maana unaiona ikichelewa. Lakini ndani ya waya haipiti sauti. Unapita umeme, na huo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde."

Usiku nilifanya hesabu hiyo kwenye daftari langu. Zile mita 16 za tofauti zinachelewesha umeme kwa sehemu 80 za bilioni ya sekunde. Katika muda huo sauti hewani haijasogea hata unene wa unywele. Msikilizaji akisogea kwenye benchi sentimita 34 kuelekea spika moja, sauti ya spika hiyo inamfikia mapema kwa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Yeye mwenyewe, kwa kuhama kiti, anavuruga mpangilio mara maelfu kuliko waya wangu. Nilikuwa nimekata nyaya ndefu bure kwa miaka mitatu.

Hata hivyo urefu wa waya una gharama yake, na mzee alinionyesha asubuhi, shambani kwake. Mfereji ulioshuka kutoka mlimani uligawanyika mara mbili: tawi fupi kwenda kwenye migomba ya karibu, tawi refu kwenda kwenye mboga bondeni.

"Sijaurefusha huu wa karibu ili ulingane na ule," alisema. "Ule wa mbali nimeupanua."

Hapo nilielewa suala la ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme: waya ukiwa mrefu unazidi, ukiwa mnene unapungua. Waya wa shaba wa 1.5 wenye urefu wa mita 20, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.46. Mafundi wengi hutaka ukinzani wa waya usizidi sehemu moja ya ishirini ya ule wa spika; kwa spika ya omu 8, hiyo ni omu 0.4. Mpango wangu wa usawa ungevuka mpaka huo pande zote mbili. Lakini shaba iliyomo katika mita 40 za 1.5 ni sawa na iliyomo katika mita 24 za 2.5. Kwa shaba hiyohiyo, waya wa kulia ungekuwa na omu 0.28 na wa kushoto omu 0.06. Tofauti ya ukali wa sauti inayobaki haifiki robo ya desibeli, na hiyo sikio halitaikamata kanisani.

Tulipanda daladala kwenda mjini Arusha. Nilipita Mnara wa Saa niliokuwa nikiuona kwenye picha tu, tukashika Barabara ya Sokoine, na katika duka la vifaa vya umeme tukanunua mita 24 za 2.5.

Jioni nilifunga na kujaribu. Besi ilikuwa imekufa, na sauti ya mwimbaji haikukaa katikati. Moyo wangu ulirudi mara moja kwenye urefu wa nyaya. Mzee aliuliza jambo moja tu: "Chanya na hasi umeziangalia?" Nikafungua nyuma ya spika ya kulia. Nilikuwa nimezigeuza. Spika moja ilisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na zilikuwa zikiuana. Nilizirudisha mahali pake, besi ikajaa hadi kwenye mabenchi ya nyuma.

Kabla kwaya haijaingia nilitoa tepu yangu. Niliivuta kutoka spika ya kushoto hadi benchi la katikati, kisha kutoka ya kulia hadi palepale. Ya kulia ilizidi kwa sentimita 40. Nikaisogeza mbele, nikapima tena, na zilipolingana nikaikunja tepu na kuketi kusikiliza.