Mkondo wa Nungwi

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Waliookolewa walikuwa mia kadhaa. Mimi ni mmoja wao. Nilielea juu ya godoro pamoja na mama mmoja nisiyemjua. Kulipopambazuka, wavuvi walinikuta peke yangu.

Watu waliniambia nimshukuru Mungu, nami nilimshukuru. Hata hivyo, usingizi haukurudi. Kila aliyenipa pole alinikumbusha mkono ule ulioachia godoro. Je, aliachia mwenyewe, au nilimsukuma katika kutapatapa kwangu? Hata leo sijui. Bahari nikaipa mgongo.

Tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Habari zilipofika mjini, miguu ilinipeleka bandarini kabla akili haijaamua. Nilimkuta bibi mmoja ameketi chini, akimngoja mwanawe. Nilijua maneno ya kutomwambia. Sikumtajia subira. Nilimpa maji, nikakaa kando yake. Baada ya muda mrefu akaniuliza:

“Mwanangu, nawe unamngoja nani?”

“Namngoja mama mmoja, bibi. Tangu mwaka jana.”

Akanishika mkono. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, waliandika katika miaka ya 1990 juu ya mtu kukua baada ya kiwewe: huwa karibu zaidi na wenziwe, na hugundua nguvu asizozijua. Walitahadharisha kwamba kukua huko hakufuti maumivu, wala hakuletwi na msiba wenyewe, bali na jinsi mtu anavyopambana na yaliyomfika.

Nawaafiki. Bahari haikunifunza kitu, ilichukua tu. Nilichokipata nilikipata sakafuni pale bandarini, nilipotambua kuwa jeraha langu laweza kumstahi mwenye jeraha jingine. Siuiti msiba neema. Lau ningepewa hiari, ningechagua kubaki mjinga, na mama yule akafika kwao.

Siku hizi navuka tena kwenda Pemba. Kwanza huyahesabu majaketi ya kujiokolea, kisha hukaa. Tukifika mkondo wa Nungwi, humwombea dua mama yule ambaye jina lake sikuwahi kumuuliza.