Niliwaambia moto unaua kila sumu

Nilifundisha sayansi shule ya msingi hapa Baleni, kisiwani Mafia, mpaka nikastaafu, na lipo somo moja nililolifundisha vibaya. Niliwaambia watoto kwamba chakula kikichemka sawasawa hakina madhara. Kwa vijidudu vya kipindupindu ni kweli. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, na nyama ya kasa je?" Nikamjibu vivyo hivyo: ichemsheni, mwageni maji ya kwanza, kisha muiunge kwa nazi.

Nilijibu hivyo kwa sababu nyumbani kwetu tuliila. Kasa akinasa kwenye jarife, nyama iligawanywa usiku, na kila mtu alijua kwamba sheria inakataza. Hakuna aliyekufa. Kule kutokufa ndiko nilikokufanya ushahidi, mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu maana ya jaribio.

Sumu ya kasa si kijidudu. Wataalamu huiita kelonitoksini, na inadhaniwa kwamba mnyama huikusanya mwilini kutokana na vitu anavyokula baharini. Kuchemsha hakuiondoi, wala kukaanga, wala kuanika. Nyama haibadiliki rangi, harufu wala ladha. Kasa wa juzi alikuwa salama, wa leo anaweza kuua. Mtu huanza kutapika, koo linawaka, mdomo unatoka vidonda, kisha unamjia usingizi mzito na pengine asiamke tena. Dawa ya kuizima sumu hiyo hakuna. Watoto wadogo ndio huzidiwa upesi, na hata anayenyonya huweza kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula.

Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kula kasa, mmoja wao mtoto wa miaka 3. Habari hiyo niliisikia redioni. Nilielewa palepale kwamba nilikosea, na nikanyamaza. Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. Hili la pili lilikuwa la kulinda jina langu, maana kusahihisha kungenilazimu kukiri kwamba mwalimu naye alikuwa akila kasa. Machi 2024, Pemba hiyohiyo, katika Kisiwa cha Panza, wakafa watoto 8 na mama wa mmoja wao, na watu 78 wakalazwa. Wanafunzi wangu wa zamani leo ni wavuvi na akina mama wenye watoto wadogo. Yeyote kati yao angeweza kupika kwa maelekezo yangu.

Nilisema pia kwamba chumvi na jua humsafisha papa. Humhifadhi tu asioze. Zebaki inayojikusanya katika samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro, haitoki kwa chumvi, jua wala moto, ndiyo maana nchi nyingi huwashauri wajawazito wasiwale. Mjamzito apewe tasi, changu au dagaa.

Niliowafundisha, yale maelezo yangu yafuteni. Kasa akinasa, mrudisheni majini akiwa hai. Akiokotwa amekufa, azikwe. Asipewe hata paka. Na aliyekwisha kula apelekwe hospitali Kilindoni mapema, aseme wazi amekula nini. Tafadhalini, hofu ya sheria isiwafanye mkamficha mtoto mgonjwa ndani.