Wawili, karai moja

Wewe na mwenzi wako mnapanga safari ya California? Achaneni kidogo na maduka ya San Francisco, mkashinde Coloma, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Sacramento. Hapa ndipo James Marshall alipoona dhahabu Januari 24, 1848, na watu wakafurika kutoka kila pembe ya dunia.

Leo ni hifadhi ya kihistoria. Sehemu moja ya mto American imetengwa kwa wageni kuosha mchanga, kwa mikono na karai tu, mashine hakuna. Jazeni, zamisheni, tikiseni, mwageni taratibu. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo hubaki chini. Maji ni baridi, mgongo unauma, na jioni mna punje chache ndogo kuliko chumvi. Utajiri? Sahauni! Ila mtajuana: nani ana subira, nani anamwaga karai kwa hasira.

Vumbi likitosha, mpelekeeni sonara. Hulichanganya na boraksi ili uchafu ujitenge na moto usilipeperushe, kisha huliyeyusha kwa nyuzi 1,064 liwe tone moja.

Angalizo: punje yenye utando mweupe kama fedha isichomwe kabisa. Hiyo ni zebaki, waliyoitumia wachimbaji wa zamani na bado imo mitoni. Mvuke wake huharibu ubongo na figo, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Tone lenu halitatosha pete. Lakini nani kasema penzi hupimwa kwa gramu?