Mkokoto wa Kasa, Juani

Mjukuu wangu, wewe umezaliwa ukakuta kasa anatajwa kwa heshima. Kwetu sisi yai la kasa lilikuwa kitoweo. Upande wa mashariki wa kisiwa chetu cha Juani, kunakopiga mawimbi ya bahari kuu, mtu akiuona mkokoto mchangani alfajiri alimshukuru Mungu, akachimba, akajaza kikapu. Kasa akinaswa kwenye jarife alikatwa palepale pwani, fungu shilingi 200, na harufu ya mafuta yake ilikaa kwenye kanga za bibi yako wiki nzima. Hifadhi ya bahari ilishaanzishwa hapa Mafia tangu 1995, na sheria tuliijua. Njaa tuliijua zaidi.

Mwaka 2001, enzi za Rais Mkapa, ukaja mpango wa kumlipa anayeona kiota. Ukitoa taarifa unapata fedha kidogo. Mayai yakianguliwa unapata nyingine, kwa hesabu ya maganda. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishika. Miezi miwili kiota nilichokiona kilikuwa changu, nikikilinda na kaa, na mbwa, na jirani, naye akilinda chake. Waliopanga malipo yale walimjua mvuvi: fedha haikupita kwa mkubwa yeyote, iliingia mkononi mwa aliyeamka mapema.

Siku ya hesabu, kijana wa hapahapa kijijini alilala kifudifudi, mkono ukazama hadi begani. Akatoa maganda, laini kama karatasi iliyoloa, akayapanga kumikumi. Viza akavitenga, navyo vikanuka hata tukajiziba pua kwa vilemba. Nikahesabu naye kwa sauti: 96. Akaandika daftarini, nikatia dole gumba, nikalipwa watu wote wakiona. Msimu mmoja malipo yalichelewa, na kabla mwezi haujaisha nikaona wenzangu wanaitazama mikokoto kwa jicho la zamani.

Kilichoniuma ni kaka yangu. Yeye hakuwa mtu wa viota. Alikuwa na jarife. Usiku mmoja alinasa kasa jike mkubwa, akaukata wavu kwa kisu akamwachia aende. Alirudi na tundu la kupita mtu, na hakuna aliyemuuliza bei ya uzi. Nilimkuta chini ya mkungu, sindano ya nyavu mkononi, hasemi. Nikamgawia nusu ya fedha za kiota changu. Akazihesabu mara mbili, akaenda dukani kununua uzi.