Mwalimu Hajengewi Jengo

Kwa miaka mingi, pesa ya elimu ya juu Machakos ilichangwa kabla mtoto hajaondoka nyumbani, si baada ya kurudi na shahada. Barua ya chuo ilipofika, kamati iliundwa, kadi zikapelekwa kanisani, sokoni na kwa jamaa walioajiriwa Nairobi na Mombasa, na harambee ikapangwa Jumamosi. Mezani palikuwa na karai la plastiki na daftari la mistari. Aliyetoa shilingi hamsini alisomwa jina kwa sauti ileile iliyomsoma aliyetoa elfu moja. Asiyekuwa na pesa alileta jogoo, kiondo au maembe, vikapigwa mnada papo hapo, na jogoo mmoja angeweza kuuzwa mara tatu kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena. Mwisho mweka hazina alihesabu na kutangaza jumla watu wakiwa bado wameketi. Wanaoikumbuka harambee kwa vyakula na hotuba za wanasiasa husahau lile daftari. Kusomwa kwa majina ndiko kulikokuwa ukaguzi wa hesabu, na ulifanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa la chuo.

Mambo yamebadilika kwa hatua ambazo ni rahisi kuzifuatilia. M-Pesa ilianza Machi 2007, na baada yake kadi ya mchango ikawa namba ya simu, kisha kundi la WhatsApp. Chuo nacho kikaja karibu: Chuo cha Walimu cha Machakos kikafanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2011, na 2016 kikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Machakos. Sasa mji ambao zamani ulichanga kupeleka watoto kwingine una wahitimu wake wenyewe, na pamoja nao umeingia mtindo mwingine wa kutoa: waliosoma kuchangia chuo kwa jina la mwalimu aliyewalea kitaaluma, anapostaafu au anapofariki. Mtindo huu naukubali, lakini naona tunaanza kuuingia kwa mlango usiofaa. Wazo la kwanza linalotujia likitajwa jina la mwalimu ni ukumbi, lango, sanamu au bamba la shaba. Ninachodai ni kwamba pesa ya kumkumbuka mwalimu inafaa iendeleze kazi aliyokuwa akiifanya, kila mwaka, kwa kiasi kidogo kisichokatika. Sababu zangu sizitoi mbali. Ziko katika historia ya Ukambani yenyewe.

Kabla ya harambee kulikuwa na mwethya. Majirani walikusanyika na majembe, wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechakaa kwa mmomonyoko, na serikali ya kikoloni ikaja na amri: kupunguza ng'ombe, kazi ya lazima. Watu walikataa. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo. Kazi ya kuhifadhi udongo ilishika kasi baadaye, vikundi vya mwethya viliporuhusiwa kujichagulia viongozi wao. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walionyesha kwamba kati ya 1932 na 1990 watu wa wilaya ya Machakos ya wakati huo, iliyojumuisha Makueni ya leo, waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ikawa katika hali nzuri kuliko mwanzo. Chombo kikubwa cha kazi hiyo kilikuwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi ukingoni. Tuta la namna hiyo halimaliziki. Mvua kubwa hulibomoa, panya hulitoboa, na kabla ya mvua za vuli lazima mtu apite na jembe akarabati. Matuta ya Machakos yapo mpaka leo kwa sababu watu walirudi kuyatengeneza msimu baada ya msimu, bila hotuba na bila kukata utepe.

Harambee ilirithi moyo wa mwethya lakini haikurithi ile tabia ya kurudi. Tangu Jomo Kenyatta aifanye wito wa taifa mwaka 1963, ilijenga shule, zahanati na mabwawa kwa kasi ambayo serikali isingeiweza. Philip Mbithi, mwanasosholojia aliyekuja kuwa Makamu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwenzake Rasmus Rasmusson, walichapisha mwaka 1977 utafiti ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya gharama za miradi hiyo ilibebwa na wananchi wenyewe, kwa fedha, vifaa na nguvu zao. Hiyo ni sifa kubwa na siipunguzi. Ila harambee ilipenda mwanzo. Ilikuwa hodari wa msingi na kuta. Nani atamlipa mwalimu, nani atanunua chaki mwaka wa tatu, hayo yaliachiwa serikali au bahati. Mfano ulio karibu ni Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, UKAI, pale Kwa Vonza, Kitui. Wananchi walichangia, ardhi ikapatikana, majengo yakaanza, kisha pakakaa miaka mingi bila kuwa taasisi iliyokusudiwa. Mahali hapo palipata uhai serikali ilipoanzisha chuo kikuu kishiriki mwaka 2008, ambacho mwaka 2013 kilipata kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Mchango wa wananchi haukupotea, kwa kuwa ardhi ilikuwepo. Lakini kizazi kizima cha vijana ambacho kingesomea hapo hakikusoma.

Turudi kwa majina. Machakos tayari ina chuo kikuu chenye jina la mtu, nacho ni Scott Christian University, kilichoanza 1962 kama chuo cha theolojia na kupata hati 1997. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Ukambani mwishoni mwa 1895 na akafa mwishoni mwa 1896. Jina lake limedumu kwa sababu waliobaki waliendelea na shughuli aliyoianza, na jengo likafuata miongo mingi baadaye. Dar es Salaam walifanya jambo linalolingana na hilo kwa njia ya kisomi zaidi: mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Kigoda hicho kilizaa mihadhara, utafiti na ubishi, na mtu aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuwa rais akakumbukwa kwa watu kuendelea kufikiri. Hapa Kenya kuna habari ya Chris Mburu, mtoto wa Kiambu aliyelipiwa karo ya shule na Hilde Back, mwalimu wa chekechea huko Sweden, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Kiasi kilikuwa kidogo, kama dola kumi na tano kwa muhula. Mburu alisoma sheria Nairobi, kisha Harvard, akaajiriwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa masomo kwa jina la yule mama kabla hata hawajaonana. Hilde Back alifariki mwaka 2021, na tayari jina lake lilikuwa limelipia karo watoto ambao hakuwajua. Angalia alivyofanya Mburu: hakumrudishia mfadhili wake pesa wala hakumjengea mnara. Aliifanya kazi ileile ya yule mama, kwa watoto wengine.

Sasa tujiulize mlezi wa chuo hufanya nini hasa. Anasoma rasimu ya tasnifu mara ya nne na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Anamwambia mwanafunzi wa kilimo aende mwenyewe Mwala au Yatta akachukue sampuli za udongo, aache kunakili takwimu za zamani. Anampa nauli kutoka mfukoni mwake. Anaandika barua tatu za mapendekezo usiku mmoja. Kazi hizi hazihitaji mamilioni, lakini kukosekana kwazo ndiko kunakowaacha vijana wengi wamemaliza masomo ya darasani huku utafiti umekwama. Gharama zenyewe ni za kawaida: matatu kwenda na kurudi, ada ya maabara, kuchapa na kufunga nakala, malipo ya kibali cha utafiti. Mfuko wenye jina la mwalimu ukizilipa hizo, mwalimu anaendelea kufundisha. Na hesabu haitishi. Wahitimu 500 wakitoa shilingi 200 kwa mwezi, ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.2 kwa mwaka. Wakiweka akiba hiyo mpaka ifike milioni tano, ikinunua hatifungani za serikali kwa riba ya asilimia 10, inazaa nusu milioni kila mwaka. Nusu ya faida irudishwe ndani ili mfumuko wa bei usiimeze, na inayobaki bado inawatosha wanafunzi kadhaa wa kilimo kwenda kuchukua udongo wao. Hakuna lango wala ukumbi unaoweza kusema hivyo.

Pingamizi la kwanza ni la kodi, na lina uzito. Chuo kikuu cha umma ni jukumu la serikali. Kila mara wananchi wanapojitolea, Hazina inapata kisingizio cha kukaza mkono. Miaka hii tumeliona jambo hilo waziwazi. Mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023 uliwagawa wanafunzi katika makundi kwa kipimo cha uhitaji, ukazua malalamiko nchi nzima, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba unakiuka Katiba. Katika hali kama hiyo, mfuko wa wahitimu ukianza kulipa karo, utamezwa na pengo ambalo hauwezi kulijaza, na serikali itapumua. Ndiyo sababu nasisitiza usilipe karo, mishahara wala paa. Ulipe kile ambacho bajeti ya serikali haijawahi kukiandika, yaani ule ukarimu wa mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Kwa karo, tuendelee kuidai serikali kwa sauti kubwa.

Pingamizi la pili ni la vijana wenyewe: mhitimu wa juzi hana kazi, anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kila wiki kundi lingine la WhatsApp linamwomba achangie mazishi, arusi au hospitali. Ni kweli, na mtu huyo aachwe. Kinachoniudhi ni pale uanachama wa wahitimu unapodaiwa pamoja na ada ya joho, mtu akalipa kwa kuwa hana budi, kisha asisikie tena habari za pesa yake. Huko ni kurudia kosa la miaka ya 1930: kazi ya lazima yenye msimamizi aliyeletwa kutoka juu. Watoe wenye ajira, kwa hiari, na wajichagulie wadhamini. Nalo lile daftari la harambee lirudi kwa sura mpya: kila mwaka majina ya waliotoa, kilichoingia, kilichotoka na kazi za wanafunzi waliosaidiwa vichapishwe na kusomwa hadharani. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha tu kwamba pesa imeondoka kwako.

Kuna pia wanaoogopa majina, nami nawaelewa. Katika nchi hii jina hupachikwa kwa ukoo, kwa chama, au kwa cheo cha aliye hai na anayeweza kulipiza. Dawa ni kuchelewa. Mwalimu asipewe mfuko akiwa bado anasahihisha mitihani ya hao wanaochanga. Jina litoke kwa wanafunzi wake wa makabila na miaka mbalimbali, na wawe tayari kueleza kwa maandishi alichowafundisha. Mkuu wa idara aliyekuwa na ofisi kubwa lakini hana mwanafunzi wa kumtaja atajulikana mapema.

Linalobaki ni swali la uwezo. Chuo kikuu cha tangu 2016 hakina wahitimu matajiri kama shule na vyuo vikongwe vya Nairobi, na ni haki kusema mfumo huu huwanenepesha walioshiba. Lakini Machakos ina hazina ambayo imeisahau. Kabla ya kuwa chuo kikuu, mahali pale palifundisha walimu wa shule za msingi, ambao walitawanyika Kenya nzima. Wengi wamestaafu, wengine ni wakuu wa shule, na watoto waliowafundisha sasa wanajaza kumbi za vyuo vikuu. Hati ya 2016 ilibadilisha jina la taasisi, na kwa bahati mbaya wengi wao wakajihesabu wageni hapo walipofundishwa kazi. Ningependa mfuko wa kwanza uanzie kwao: waulizwe ni mkufunzi gani wa zamani aliyewatoa ushamba wa kushika chaki, jina lake liandikwe, na pesa ya kwanza imlipie nauli mwanafunzi wa ualimu anayekwenda mazoezini katika shule ya mbali ambako hakuna anayemjua. Kama wewe ni mmoja wao na unasoma haya, mtafute mwenzako wa darasa, mtaje jina hilo kati yenu wawili, na mwezi huu huu fungueni akaunti yenye watia saini watatu.