Neno la Kweli Kabla ya Alama

Katika ofisi nyingi za serikali hapa Bujumbura mtumishi hupewa alama mara moja kwa mwaka. Fomu hujazwa, hutiwa sahihi, kisha huingia katika faili lake na kukaa humo miaka na miaka. Mtu aweza kukosa cheo kwa ajili ya mstari mmoja ulioandikwa na mkuu ambaye, kwa miezi kumi na miwili, hakumwambia lolote isipokuwa kumwuliza habari za nyumbani.

Nimefanya kazi chini ya mkuu wa namna hiyo. Alikuwa mpole, hakuna aliyepata kumsikia akifoka. Karani mmoja mwenzetu alipoiona alama yake aliduwaa, maana hakujua kwamba barua zake zilikuwa na makosa. Mkuu alikuwa akizisahihisha mwenyewe jioni, kimya kimya. Upole ule ulimnyima karani cheo, na zaidi ya hayo ulimnyima nafasi ya kujifunza kuandika barua.

Sisi Warundi tuna neno kwiyumanganya, yaani kulimeza lililo moyoni na kuonyesha uso mtulivu. Ni adabu njema mbele ya wageni. Katika kuongoza kazi, nionavyo mimi, ni dhuluma yenye sura nzuri.

Lakini Warundi hao hao ndio wenye bashingantahe. Jina hilo latokana na kuisimika ardhini intahe, ile fimbo ya hukumu. Wazee hao waliwasikiliza wagomvi mbele ya watu, wakajitenga kushauriana, ndipo wakarudi kusema waliloliona kuwa kweli, hata kama lilimchoma jirani yao. Kusikiliza kulitangulia kusema. Na huko Tanganyika, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kizima, Tujisahihishe, kuwahimiza wanachama wa TANU wasiogope kukosoana.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini. Tulipofanya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na daftari lake. Somo likiisha alimwita mtu kando, siku ile ile, akamwuliza: "Wewe mwenyewe umeonaje?" Kisha akataja jambo moja au mawili, si kumi: umewapa wanafunzi mgongo muda mrefu, swali uliloliuliza umelijibu mwenyewe. Hakusema kamwe kwamba fulani hawezi kufundisha.

Nilipokabidhiwa sehemu yenye watu sita, mmoja wao alikuwa mzee aliyenizidi zaidi ya miaka ishirini. Daftari lake la barua zinazoingia lilikuwa na tarehe zisizopatana na mihuri. Kumwambia mzee kasoro ya kazi yake si jambo dogo kwetu, na kumwambia mbele ya vijana ni kumvua nguo. Nikangoja wengine waende kula, nikaketi upande wake wa meza.

"Mzee, tarehe hizi na mihuri hii hazipatani. Nisaidie nielewe."

Akazitazama kwa muda. "Shefu, barua hunifikia siku tatu baada ya kugongwa muhuri kule mapokezi. Mimi huandika siku ninayoipokea."

"Umepata kumwambia mtu?"

"Nani aliyeniuliza?"

Kumbe kosa lilikuwa limelala mlango wa pili. Tukaongeza safu ya tarehe ya muhuri, na tarishi akaagizwa kuleta barua kila asubuhi. Hata hivyo mwandiko wa mzee pia ulikuwa hausomeki, nami sikulificha hilo. Halikumpendeza. Alilifunga daftari, akaondoka, na kwa siku mbili salamu zake zilikuwa za mkato. Siku ya tatu niliona ameanza kuandika kwa herufi kubwa, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Fomu za mwaka zilipokuja, nilijaza yake naye akiwa ameketi mbele yangu. Aliisoma yote mara mbili, na hakukuta humo neno ambalo hakuwa amekwisha kulisikia kinywani mwangu.